Hekta 956 za Derema: nani aliulipia msitu wa Amani?

Muheza ni mji wa kupita. Wengi wanaujua kupitia dirisha la basi la Tanga: mafungu ya machungwa kando ya lami, vijana wanaokimbiza basi na vifuko mikononi, mkonge wa zamani, basi limeshaondoka. Wachache hugeuza shingo kuelekea kaskazini-magharibi, ambako mlima umesimama na rangi ya bluu iliyokolea, mara nyingi kichwa chake kikiwa ndani ya wingu. Huo ni Usambara Mashariki. Kutoka stendi ya Muheza hadi lango la hifadhi pale Sigi ni kama kilomita 26 za vumbi au tope, inategemea umekwenda mwezi gani, na kutoka Sigi kupanda hadi Amani ni kama 9 nyingine za kona juu ya kona. Gari likianza kunguruma kwa gia ya kwanza na ubaridi ukaingia dirishani, umekaribia.

Nimepanda huko mara tatu. Mara ya kwanza nilifuata maporomoko ya maji na picha, nikazipata, nikarudi nimeridhika kama mtu aliyetoka sokoni na kila alichoagizwa. Mara ya pili ndiyo iliyoniharibia hesabu.

Siku hiyo nilikuwa na mwongoza wageni, kijana wa mojawapo ya vijiji vya huko, mpole, mwenye panga ambalo hakulitumia kukata chochote tangu asubuhi. Tulikuwa tunapita mahali penye giza la majani, mbega wakiruka juu yetu, nami nikasema maneno ya mgeni: "Kaka, huu ndio msitu ambao haujawahi kuguswa." Hakunibishia. Alipiga hatua mbili nje ya njia, akainama kwenye kichaka cha majani marefu yanayofanana na ya tangawizi ila makubwa zaidi, akapangua majani makavu kwa ncha ya panga. Chini kabisa, usawa wa ardhi, palikuwa na vikonyo vyembamba vinavyotambaa, na kwenye kikonyo kimoja vitumba vitatu vya kijani, kila kimoja kama ukucha wa kidole cha mwisho. Akachuma kimoja, akakipasua, akaninusisha. Iliki.

"Hapa palikuwa shambani kwa bibi," akasema. "Sasa ni hifadhi."

Kisheria hata kile kitumba hakikupaswa kuchumwa, lakini hilo tuliache. Tulikuwa ndani ya Derema, na Derema ndiyo kisa chenyewe: ukanda wa hekta 956 unaounganisha msitu wa Amani na misitu iliyo kaskazini yake, ukanda ambao wakulima zaidi ya 1,000 wa vijiji vitano walikuwa na mashamba ndani yake, na ambao kisheria sasa ni msitu wa akiba. Mgeni akipita haoni shamba, anaona miti. Mimi nataka kuonyesha kwamba huwezi kuielewa miti hiyo bila kuuliza nani aliilipia, na kwamba jibu si lile lililoandikwa kwenye mabango ya wafadhili.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia, chini ya Franz Stuhlmann. Walitaka kujua ni mmea gani kutoka pembe gani ya dunia utaota kwenye koloni lao na kuwaletea fedha. Wakapanda mamia ya aina: mikwinini, mipira, mikafuri, mikaratusi, viungo vya kila namna. Bustani ile ipo hadi leo, na ukitembea ndani yake ni kama kuzunguka ghala la mtu aliyeagiza kila kitu kisha akahama. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga bahari, Amani ndiyo iliyowatengenezea wanajeshi wa Kijerumani kwinini. Waingereza waliichukua mwaka 1916, wakaendelea na utafiti wa kilimo, baadaye malaria. Kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu siku hizi kipo Muheza mjini, ila jina limebaki la mlimani.

Katika miti iliyoletwa kulikuwa na mmoja kutoka upande wa Ziwa Victoria na Kongo, Maesopsis eminii kwa jina la kitaalamu, ule ambao Waganda huuita musizi. Unakua haraka, umenyooka, unafaa mbao. Hakuna aliyeuogopa. Shida yake ni kwamba tunda lake linapendwa mno na hondohondo, na hondohondo hali akakaa. Anakula hapa, anaruka bonde zima, anaangusha mbegu kule. Msitu mzito ukiwa umefunga, mbegu ile haifiki mbali, maana inataka mwanga. Kwa hiyo kwa miaka mingi ulikaa kimya kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Waliomkaribisha ni watu wa mbao. Kuanzia miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga, kilichokuwa mali ya umma wakati huo, kilivuna magogo Usambara Mashariki kwa mashine, na mashine hizo zilikuja kwa msaada wa Ufini. Matrekta yakapanda miteremko ambayo mbuzi huipanda kwa kufikiri. Miti mikubwa kama mtambaa iliangushwa, na kila ulipoanguka mmoja ulifungua tundu la anga lenye ukubwa wa kiwanja cha nyumba. Mwanga ukaingia. Hondohondo wakafanya kazi yao.

Ukipita leo msitu wa Kwamkoro, inua macho: sehemu kubwa ya vilele vilivyonyooka sana, vyenye majani mepesi yanayopitisha jua, ni huo mti wa kuja. Mtu anayeuona kwa mara ya kwanza anapiga picha na kuandika "msitu wa kale". Milima hii ya Tao la Mashariki ni ya kale kweli, na humo mna viumbe visivyopatikana kwingine popote. Ila mti uliopigwa picha pengine una umri wa baba yake mpiga picha.

Kelele zilipigwa, na wanasayansi na wanaharakati, wa hapa na wa Ufini kwenyewe. Uvunaji wa mashine ukasimamishwa. Kisha ikatokea jambo ambalo sijaacha kulishangaa: Ufini ileile iliyolipia misumeno ikalipia uhifadhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulianza mradi wa kuhifadhi misitu ya vyanzo vya maji Usambara Mashariki kwa fedha zake, na mwaka 1997 misitu sita ya akiba ikaunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye hekta 8,380. Katika hizo, hekta 1,065 ni misitu ya mashamba ya chai ambayo wenye chai walikubali iwekwe chini ya uangalizi wa hifadhi.

Sisemi hili kwa kejeli. Mfadhili aliyekosea akarudi kurekebisha ni bora kuliko aliyekosea akahama nchi. Ninachotaka kionekane ni kwamba hadi hapo, 1997, kila aliyelipwa na kila aliyelipa alikuwa mkubwa: serikali, kiwanda, balozi, kampuni ya chai. Mkulima alikuwa bado hajaingia kwenye hesabu. Aliingia na Derema.

Hifadhi ilipotangazwa ilibaki kama kisiwa. Kaskazini yake kulikuwa na misitu mingine, na katikati kulikuwa na Derema, ambayo kwa macho ya mpita njia ilikuwa msitu, lakini chini ya miti ilikuwa imejaa iliki. Wataalamu walikuwa na hoja nzito. Ndege wa vichakani wa Usambara, wale wadogo wanaoishi kwenye kivuli, hawapendi kabisa kuvuka mahali palipo wazi. Mtafiti William Newmark amewafuatilia tangu miaka ya 1980 na kuonyesha jinsi wanavyopungua katika vipande vya msitu vilivyotengwa. Kwa ndege wa namna hiyo, barabara pana ni bahari. Kipande kikitengwa, aina moja inapotea, kisha nyingine, bila shoka kulia. Derema ikikatika, Amani nayo ingeanza kufa polepole.

Lakini iliki inaharibu msitu kweli? Swali hili nilimuuliza kijana wangu, na yeye, mjukuu wa mkulima wa iliki, alinijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Iliki inataka kivuli, kwa hiyo mkulima hafyeki kila kitu. Anafyeka chini, anapunguza baadhi ya matawi na miti, anaacha mikubwa isimame. Kwa mbali unaona msitu. Ila mche wowote unaoota chini ya ile miti mikubwa unapaliliwa pamoja na majani. Msitu wa namna hiyo ni kama familia yenye wazee tu. Baada ya miaka kadhaa iliki inachoka, mavuno yanashuka, na hapo mkulima anaanza kuangusha hao wazee apate nafasi ya mdalasini, karafuu, miwa au mihogo. Kwa hiyo wahifadhi walikuwa sahihi. Nalisema wazi, maana kisa hiki mara nyingi husimuliwa kana kwamba upande mmoja ulikuwa na ujinga na mwingine ukatili. Haikuwa hivyo.

Tatizo lilianza kwenye bei.

Sheria za ardhi za mwaka 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, zinataka mtu akiondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Maneno matatu, na kila moja lilipata taabu yake Derema. Wathamini walihesabu mimea. Shina la iliki, shina la mdalasini, mgomba, mti wa matunda, kila kimoja na thamani yake. Mwenye vishina vingi akapata zaidi, mwenye vichache akapata kidogo. Kwenye karatasi ni safi. Shambani mambo ni tofauti, kwa sababu kishina cha iliki si bidhaa ya kuuza mara moja. Iliki ndiyo iliyokuwa ada ya mtoto wa sekondari. Ndiyo iliyokuwa bati la nyumba, mahari, safari ya hospitali Muheza. Ilirudi mwaka hata mwaka, na mwenye kishina aliweza kukopa kwa kukionyesha tu. Huwezi kuweka yote hayo kwenye safu ya "idadi" na safu ya "bei" kisha ukajumlisha.

Halafu kuna wakati. Tathmini ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliokatwa na mstari wa mpaka walilipwa mapema. Waliobaki ndani ya ukanda walingoja miaka, kwa sababu serikali haikuwa na fedha za kutosha na ilibidi zitafutwe: Benki ya Dunia, Ufini tena, mashirika ya kimataifa ya uhifadhi. Fikiria miaka ile ya kungoja. Umeshahesabiwa. Umeambiwa usipande kipya. Shamba unaliona, ukilipalilia unaonekana mkaidi, usipolipalilia linaota msitu na vishina vinakufa. Mtu aliyehesabiwa na hajalipwa ni mtu aliyefungwa mguu mmoja.

Zilipokuja, fedha zilikuja kwa mkupuo. Kwa mwenye shamba kubwa zilikuwa nyingi kuliko alizowahi kushika. Mwenye kipande kidogo aliona amepewa nauli. Kulikuwa pia na ahadi ya ardhi mbadala bondeni, katika shamba la zamani la mkonge. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona kosa kubwa kuliko yote, nalo si la kiasi cha fedha. Mtu wa Derema ni mtu wa mlima. Anajua mvua ya mlimani, kivuli, ukungu wa asubuhi, magonjwa ya iliki. Ukimpa ekari bondeni kwenye jua na udongo uliokamuliwa na mkonge miaka na miaka, umempa ardhi, ndiyo, lakini ujuzi wake umeuacha juu. Mkulima wa iliki aliyeshushwa bondeni ni kama mvuvi aliyepewa ng'ombe.

Waliokaa mlimani walifanyaje? Hapa ndipo yalipoingia yale mambo ambayo mgeni huonyeshwa kwa fahari, na nayastahi kwa kiasi chake.

Kuna vipepeo. Mradi wa Vipepeo Amani, uliosimamiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale Shebomeza. Niliingia kwenye kibanda kimoja cha neti. Mama aliyekitunza alikuwa na umri wa mama yangu, nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba bila kuinua macho, maana alikuwa na kazi. Alikuwa anageuza jani moja moja akitafuta mayai, kila yai dogo kuliko punje ya chumvi, na akiliona analigusa kwa ncha ya unyoya kulihamishia kwenye chombo. Kiwavi anakula jani la mti maalumu wa msituni, anageuka buu gumu lililojikunja kama jani kavu, na hayo mabuu ndiyo yaliyokuwa yanafungwa kwenye pamba na kupelekwa nje, Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo hai. Buu lina siku chache tu kabla ya kupasuka. Biashara ya kukimbizana na saa. Uzuri wake ni kwamba mfugaji anaanza kuujua msitu kwa jani: asipokuwepo mti ule, hakuna kiwavi. Sijaona somo la uhifadhi lililo bora kuliko hilo.

Kisha mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Lengo lilikuwa kuzuia wanyama kutoroshwa, na nani angelipinga? Lakini kipepeo naye kwenye karatasi ni mnyamapori hai. Wafugaji wa Amani, waliofanya kila walichoambiwa, walijikuta kwenye tangazo moja na watorosha wanyama. Tuliposhindwa kutofautisha twiga na buu, aliyelipa alikuwa mama wa Shebomeza.

Kuna pia msambu, Allanblackia stuhlmannii, uliopewa jina la yule Stuhlmann wa mwaka 1902. Ukiona tunda kubwa la kahawia, refu kama mkono kuanzia kiwiko, linaning'inia kwenye kamba ya kikonyo utadhani litaanguka sasa hivi, ndilo hilo. Halipandwi juu kuchumwa. Unangoja lianguke lenyewe. Watu huyakusanya, wanayaacha yaoze, wanatoa mbegu, wanakausha. Mbegu ina mafuta yanayoganda. Kuanzia miaka ya 2000 kampuni ya Unilever ilianza kuyanunua kwa ajili ya siagi ya kupaka mkate, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha mafuta hayo kwa matumizi hayo. Mti huu una dume na jike. Mkulima anayepanda misambu kumi hajui ipi itazaa mpaka miaka ipite. Iliki haikuwa na mchezo huo.

Na kuna sisi wageni. Mpango wa hifadhi tangu mwanzo ulikuwa sehemu ya mapato ya utalii irudi vijijini, na waongozaji wawe watoto wa vijiji hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hesabu idadi ya siku ambazo mgeni hayupo. Masika, Machi hadi Mei, barabara inaweza kukata kabisa. Mwenyeji anapona kwa msimu, na maradhi ni ya mwaka mzima. Kijana wangu aliniambia kuna wiki anazomaliza bila kumwona mtu zaidi ya walinzi na wanafunzi wa utafiti.

Sasa tuangalie upande mwingine wa daftari: nani anapokea?

Mto Zigi unaanzia kwenye misitu hii. Unateremka Sigi, unapita chini ya daraja unalovuka ukiingia hifadhini, unaendelea hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji yanasafishwa na kwenda kwenye mabomba ya Jiji la Tanga. Kila anayefungua bomba Ngamiani anakunywa Amani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu walipovamia vijito vya Sakale mwanzoni mwa miaka ya 2000, hofu kubwa haikuwa ya ndege. Ilikuwa ya tope na zebaki kwenye maji ya mji. Msitu una wateja wake, na mteja mkubwa haendi kuutembelea.

Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa ajili ya mradi wa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kugharimia miundombinu ya maji, na wawekezaji walileta zaidi ya kilichotakiwa. Niliisoma habari ile nikafurahi kweli. Ni jambo la kujivunia, mji wa Tanzania kukopa kwa wananchi kwa dhamana ya maji yake. Halafu nikakumbuka vile vitumba vitatu. Mwenye hatifungani analipwa riba mara kwa mara, kwa miaka 10, kwa sababu mto unatiririka. Mto unatiririka pamoja na mambo mengine kwa sababu bibi mmoja aliacha kupalilia. Bibi alilipwa mara moja, kwa idadi ya vishina.

Hapo ndipo hukumu yangu ilipo, kama kisa hiki kinahitaji hukumu. Derema ilipaswa kuhifadhiwa. Ilipaswa kulipiwa kama mto, si kama shamba: kidogo kidogo, kila mwaka, kwa muda wote ambao maji yanashuka, kutoka kwa wale wanaoyanywa. Wakulima wa bonde la Zigi tayari wamejikusanya katika umoja wa kutunza chanzo hicho, kwa hiyo mtu wa kumlipa yupo na anajulikana. Mkupuo ulikuwa rahisi kwa mfadhili, maana mradi una tarehe ya kufunga. Msitu hauna.

Mara ya tatu nilipanda peke yangu hadi Sigi, nikalala kwenye ile nyumba ya zamani ya stesheni. Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni kuja Sigi kusomba magogo, na jengo la mkuu wa stesheni limebaki, ukuta mnene, kibaraza, hakuna reli. Usiku nilitembea na mwongoza wageni mwingine kutafuta vinyonga kwa tochi. Mchana huwezi kuwaona hata wakikutazama. Usiku wanapolala rangi yao hufifia, na mwanga ukiwapiga wanang'aa kama kipande cha karatasi kilichosahauliwa kwenye tawi. Tulihesabu saba kwenye mita zisizozidi mia mbili, mmoja mfupi kuliko kidole gumba. Kesho yake nilipanda kilima cha Mbomole, na kulipokuwa kweupe niliona Tanga yote hadi bahari. Nilijaribu kuufuata mstari wa mto kwa macho. Unapotea kwenye mkonge, kisha unaonekana tena unang'aa.

Anayetaka kwenda na aende Juni hadi Septemba au Januari na Februari, achukue mwongozaji wa kijijini, atembee badala ya kuzunguka na gari. Njiani asimuulize tu jina la ndege. Amuulize shamba lilikuwa la nani.

Nilipotelemka Muheza ilikuwa jioni. Karibu na stendi kijana alikuwa ameweka viungo kwenye sinia: mdalasini umefungwa kwa uzi, pilipili manga, karafuu, na iliki kwenye kikombe cha chai alichokuwa anapimia. Nikanunua kikombe kimoja. Nikamuuliza imetoka wapi.

"Ya juu hiyo, kaka. Amani."

Juu sehemu gani?

Akacheka, akaongeza punje chache juu ya kikombe, akanifungia kwenye gazeti.